Sinema ya Glopu Iliyoungua

Boksi likikaa juani kwa muda lina harufu yake, harufu kavu, tamu kidogo, ya karatasi inayotaka kuungua ikaghairi. Nauza madaftari na kalamu hapa Manundu. Kila mzigo unaposhushwa mbele ya duka na kuachwa juani, mimi na mbebaji tukibishana, harufu hiyo hunifikia nami hupotea. Wateja wangu wamezoea. Husema, "Mwacheni, karudi kwao." Na kweli huwa nimerudi, ingawa kwetu ni mtaa wa pili tu kutoka hapa.

Msinicheke, lakini nikiwa na miaka kumi nilikuwa na sinema yangu mwenyewe. Ilikuwa boksi la sabuni za mche. Ndani nililipaka masizi niliyoyakwangua kwenye masufuria na kuyakoroga kwa uji, ili mwanga usipotee ovyo. Lenzi ilikuwa glopu ya umeme iliyoungua. Niliitoboa kitako kwa msumari, polepole, pumzi nimeibana, nikautoa utumbo wake wa waya, nikaijaza maji hadi shingoni na kuiziba kwa kipande cha ndara. Glopu nne zilipasuka kabla ya hiyo moja kukubali, na alama ya mojawapo bado ninayo kwenye kidole gumba.

Ukumbi ulikuwa stoo ya mahindi nyuma ya nyumba. Dirisha niliziba kwa gunia la mkonge, na matundu ya misumari kwenye bati nikayaziba kwa ugali. Yale nisiyoyafikia niliyaacha, nayo yakawa yanadondosha sakafuni vijua vidogo vya mviringo, ambavyo vilitambaa kuelekea ukutani kadiri mchana ulivyosogea. Vumbi la mahindi lilipanda na kushuka ndani ya miale. Niliweza kukaa humo nusu siku nisikumbuke kula.

Taa ilikuwa jua lenyewe. Mtu alisimama uani na kipande cha kioo, akalikinga jua na kulirusha kwenye tundu la ukuta. Likaingia nyuma ya boksi, likapenya mkanda wa picha, likapita katika yale maji ya glopu, na ukutani, juu ya chokaa, mtu akatokea. Mikanda niliiokota nyuma ya studio moja karibu na soko, mabaki aliyoyatupa fundi. Ilikuwa ya picha ambazo bado hazijasafishwa, na humo kila kitu kimegeuka: shati jeupe ni jeusi, uso mweusi ni mweupe. Ukiutia mkanda wima, mtu hutokea kichwa chini. Ukiutia upande usio wake, maandishi husomeka kinyumenyume. Nilihangaika wiki nzima. Kisha siku moja nikausogeza kidogo tu kuelekea kwenye glopu, ukungu wa ukutani ukatulia, na bwana harusi nisiyemjua akasimama mbele yangu kimya. Sijawahi kuogopa kitu nikakipenda namna ile.

Mwezi huohuo Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Handeni kutibiwa goti. Kwetu alikuwa hajakanyaga tangu nilipotimiza siku arobaini nikatolewa nje. Siku hiyo aliondoka katikati ya shughuli, akabeba furushi lake, na hakusema kwa nini. Mama naye hakuuliza, maana mkaza mwana hamhoji mkwewe. Mama alikuwa Msambaa wa Vugiri, na moyoni aliamini kwamba Bibi alitaka mwanawe aoe Mzigua mwenzao. Miaka kumi walikaa hivyo, kila mmoja na jibu lake.

Sasa walikuwa chini ya bati moja, nami nikapewa kazi ya posta.

"Salma, mwambie mama yako chai imetosha," alisema Bibi, na huyo mama yangu yuko hatua mbili, birika mkononi.

"Mwambie Bibi kuna na mihogo."

"Mwambie nimeshiba."

Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Siku ya tatu nikamkuta Mama jikoni anapepeta mchele alioupepeta tangu asubuhi, machozi yanamtoka. Akaniambia ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa. Bibi alikuwa amekwisha kumwambia Baba kwamba Jumamosi anapanda basi, na safari hii wasimtegemee tena mpaka wamfuate kumzika. Baba, ambaye huko kwenye mashine za mkonge hakuogopa kitu, alikunywa maji glasi mbili akaenda kulala mchana. Kwa akili yangu ya miaka kumi nilielewa jambo moja: wasipozungumza kabla ya Jumamosi, basi tena.

Ijumaa baada ya chakula nilimwalika Bibi kwenye sinema. Nisijisifu, sikuwa na hila yoyote ya kupatanisha watu, nilitaka kujionyesha. Nilimkalisha juu ya gunia la mahindi, goti lake nikalinyoosha kwenye kigoda. Mama nilimwomba ashike kioo uani, naye akakubali haraka, nadhani kwa sababu huko uani hakukuwa na Bibi.

Bwana harusi akatokea. Bibi akavuta ushungi wake vizuri, maana yule ni mwanamume mgeni. Wakafuata wasichana wawili walioshikana mikono, kisha mtoto ndani ya beseni.

"Hawa ni kina nani?" aliuliza Bibi.

"Sijui, Bibi. Watu tu."

"Sasa mimi niwakodolee macho watu nisiowajua? Huna mtu wa kwetu humo?"

Nikakumbuka kopo la biskuti alimowekea Mama vyeti vyake. Mlikuwa na mkanda mfupi wa picha mbili ambazo hazikuwahi kusafishwa. Nilikimbia nikauchukua bila kumuuliza mtu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Mama, msichana kabisa, amekaa kitini na kichanga mapajani. Kichanga ndiye mimi. Alikuwa amejifunga kanga, na pale magotini ilipokunjika, katika yale maandishi ya pindoni yalionekana maneno mawili tu. Darasani kwetu hakuna aliyenishinda kusoma, na nilitaka Bibi alijue hilo.

"MKWE MBAYA," nikasoma kwa sauti.

Bibi hakushtuka. Alitikisa kichwa taratibu.

"Ndivyo nilivyosomewa siku ile," alisema. "Mimi herufi hizi sizijui, najua za msahafu. Nikamuuliza binti wa jirani, kanga ya mkaza mwanangu inasemaje? Akaniambia maneno hayohayo. Mbele za watu, siku ya mjukuu wangu."

Tundu lililoingiza jua liliingiza na kutoa sauti pia. Nilijua Mama amesikia, kwa sababu picha nzima ilianza kutetemeka, kiti, kichanga na kanga. Kisha mwanga ukatoweka. Tukabaki gizani na vile vijua vya sakafuni, nami nikahisi nimevunja kitu kikubwa kuliko glopu. Nilitaka kulia na sikujua nimekosa nini.

Mwanga ukarudi.

"Salma," Mama aliita kutoka nje. "Vuta mkanda. Soma na ya pili."

Nikavuta. Hapo Mama alikuwa amesimama. Kanga huja vipande viwili, na kile cha pili alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili, amekitandaza wazi, anatazama pembeni. Nywele zake, kama za watu wote wa mikanda yangu, zilitokea nyeupe. Kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe hakuwapo. Maneno yalienea pindo zima.

"MKWE MBAYA SIMJUI, NIMEPATA MAMA."

"Soma tena," alisema Bibi.

Nikasoma tena. Akanisomesha mara ya tatu, macho hayamtoki ukutani.

"Nilisimama nikufunike kanga hiyo, Mama," sauti ilisema kutoka uani. "Nikageuka, umeshaondoka."

Bibi akainuka, akajishikiza kwenye magunia, akafungua mlango. Jua lote la mchana likaingia na Mama wa ukutani akafutika. Nililalamika kwamba sinema haijaisha, hakuna aliyenisikia. Mama wa kweli alikuwa amesimama palepale uani, kioo bado amekiinua.

"Mama Salma," alisema Bibi, "umechoka. Lete nikushikie."

Hakuna aliyeomba radhi. Bibi alichukua kioo, akaniamuru nirudishe picha, na Mama akaingia kukaa kwenye gunia na kujitazama. Bibi hakuwa fundi wa kioo hata kidogo. Picha ilipanda darini, ikashuka, ikaenda pembeni kwenye majembe, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikamsikia Mama anacheka. Jumamosi basi liliondoka bila mgonjwa wetu. Kazi ya posta niliipoteza, na nawaambieni, sikuisikitikia.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha kusoma kwangu. Nilitamba nacho shuleni, nikatamba nacho ukubwani. Nilitamba nacho hata mbele ya Bibi mwenyewe, nilipomtembelea Handeni uzeeni mwake, tukimenya kunde ukumbini. Nikamwambia, unaona faida ya kusomesha mtoto wa kike? Bila mimi mngezikana hivyohivyo.

Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Kusoma? Nilisomewa mara moja, nikapotea miaka kumi. Nimwamini msomaji wa pili, tena mtoto mwenye mama yake? Si ungeweza kusema lolote."

"Sasa uliamini nini?"

"Mikono." Akanyoosha yake, akaitandaza na ungo ukiwa magotini. "Alikishika kitambaa hivi. Halafu kichwa. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Nikasema, masikini, mwana wa watu amesimama pale ananisubiri mpaka mvi zimemwota."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba katika mikanda ile kila nywele nyeusi hutokea nyeupe, kwamba siku ya picha ile Mama hakuwa na mvi hata moja. Kisha nikaufunga. Kati yetu watatu tulioitazama, yeye ndiye aliyeisoma picha sawasawa.