Kikapu Kilichochukuliwa na Maji

Juzi, kwenye stesheni ya Korogwe, mama mmoja anayeuza machungwa aliniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nilizaliwa mwendo mfupi tu kutoka pale alipoketi, katika kambi ya mkonge, wala sijapata kuishi hata mwezi mmoja mahali panaposikika mawimbi. Lakini ulimi ulinitangulia. "Pwani," nikamjibu. Akatazama viatu vyangu vilivyojaa udongo mwekundu, akacheka, akaniongezea chungwa moja.

Jibu lile lilikuwa la bibi yangu, mama yake mama.

Enzi za Mwingereza kambi yetu ilikuwa mistari ya nyumba za vyumba viwili viwili, tulizoziita laini. Alfajiri ikigongwa reli iliyoning'inizwa kwenye mti, wanaume walitoka na visu vyao kwenda kukata mkonge. Siku nzima mashine ilinguruma, na harufu chachu ya makapi ya mkonge ilitufuata hadi ndani ya chakula. Watu walitoka kila pembe: Nyasa, Kigoma, Songea, na wengine kutoka mbali kuliko hapo. Kila mmoja alikuwa na kwao, na kwao kulikuwa mbali. Jioni, moshi wa kuni ukishatanda, mazungumzo yote yaliishia huko.

Bibi yeye kwao kulikuwa baharini. Kambi nzima ilimwita Bibi wa Pwani. Alipika maharage kwa nazi hata siku ambazo nazi ilikuwa ya kutafutwa mji mzima. Chungu kikipungua maji alisema yamekupwa, nami nikakimbia na kata kuyajaza. Akinisuka, na mimi nikilia, aliniambia nitulie, watoto wa baharini hawalilii kitana. Mtoto akizaliwa katika laini yoyote, ya Wakristo au ya Waislamu, bibi aliitwa kumwosha. Alikuja na kifuu chenye chumvi ya mawe, akadondosha punje tatu kwenye beseni na kusema, "Karibu, bahari imekujua." Mama zetu walioacha wazazi wao ng'ambo ya maziwa na milima waliyapenda sana maneno hayo. Sasa najua chumvi ile ilitoka duka la Mhindi, karibu na stesheni. Nadhani hata wao walijua.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama kutoka Nyasa, alikuwa na mtoto mchanga aliyejaa upele. Dawa ya zahanati ilimtuliza siku mbili, kisha akajikuna tena. Kila mara bibi alisema, "Huyo angeogeshwa maji ya bahari, angepona." Alisema hivyo kwa wiki nyingi, kwa raha, kama mtu anayesifia mapishi ya kwao. Asubuhi moja jirani akaja amekwisha kuvaa kanga zake nzuri.

"Shikamoo bibi. Leo treni ya Tanga ipo. Twende, wewe ndiye mwenyeji."

Bibi akajishika mguu. Akasema goti linamsumbua. Akasema kuku hawana wa kuwaangalia.

"Kuku nitawaangalia mimi," mama yangu akaitikia kutoka jikoni. "Nendeni na huyu mtoto wangu awabebee mzigo."

Nikabeba kikapu: viazi vitamu vya kuchemsha, mkate, chupa tupu ya kurudi na maji. Ndani ya treni bibi alinivuta karibu naye. Jirani akauliza: bahari inanukaje, mtu anaingia akiwa na nguo au bila nguo? Bibi alijibu, "Utaona mwenyewe," huku akiukaza mkono wangu mpaka vidole vikaniuma.

Tulipofika ufukweni Tanga, maji yalikuwa mbali sana, nyuma ya uwanda mpana wa mchanga wenye vidimbwi. Bibi alisimama. Akasema, "Mame." Ndivyo Wazigua wanavyoita mama zao, na kambini sikuwahi kumsikia akisema Kizigua mbele ya mgeni. Kisha akajikaza, akatuongoza kama mwenyeji. Tukaweka kikapu na viatu vyetu juu ya jiwe, katikati ya mchanga, tukasonga mbele hadi kwenye dimbwi lenye maji vuguvugu. Mtoto alilia, halafu akaanza kupigapiga maji na kucheka. Sisi watatu tukasahau kila kitu.

Tulipogeuka, jiwe lilikuwa limezungukwa. Kikapu chetu kilikuwa kinaelea, kinazunguka polepole, na kiatu kimoja cha bibi kilikuwa kimekwisha kutangulia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota kombe za baharini alituona tunavyorudi mbio, maji magotini. "Nyie watu wa bara nyie," akasema huku akicheka. "Nani anaweka chakula njiani mwa maji?"

Bibi aliinamisha kichwa. Nilimwona akizeeka papo hapo. Jirani akambeba mtoto upande wa pili wa kiuno, akamjibu yule mwanamke kwa upole: "Wa bara ni mimi. Huyu bibi ni wa hapa. Ameipa bahari zawadi yake, hawajaonana siku nyingi."

Katika treni, njaa ikituuma, bibi alisema yote, macho yakiwa dirishani. Mama yake ndiye aliyezaliwa pwani, kwa wazazi walioteremka kutoka Handeni, kwa Wazigua, mwaka wa njaa wakajiweka rehani kwa watu wa pwani ili wapate chakula. Aliporudishwa Handeni, watu wakamwita mgeni, naye akawa anaisimulia bahari kila siku mpaka alipokufa. Bibi mwenyewe alikuwa hajaiona hadi siku ile. "Nilijua maji yanajaa," bibi akasema. "Sikujua kwamba yanatembea."

Jirani alimega chungwa alilopewa na abiria, akampa kipande kikubwa.

Mtoto alipona, kwa bahari au kwa zahanati, sijui. Bibi alikiweka kifuu juu kabisa ya kabati, na nilifikiri hakitashuka tena. Baada ya majuma kadhaa, katika laini ya nyuma, mke wa mkata mkonge kutoka Kigoma akajifungua. Jirani yetu ndiye aliyekuja kubisha hodi.

"Mimi ni wa Handeni," bibi akamwambia mlangoni. "Unajua."

"Najua, bibi. Chukua chumvi, maji yanapoa."

Leo laini zimebomolewa na pori limekula reli ya kengele. Bibi amelala Handeni, kando ya mama yake, mbali na mawimbi. Sijui watoto aliowaosha wametawanyika wapi, wana wa Nyasa, wa Kigoma, wa Songea. Lakini mmoja wao akiulizwa njiani kwao ni wapi, na ulimi ukamtangulia ukasema pwani, naomba anayemuuliza asitazame viatu vyake.