Mstari wa Chini wa Skrini

Hospitalini walimwita Chapachapa, maana mgonjwa akifika dirishani kwake, kabla hajamaliza kukohoa, majibu yake ya maabara yameshachapwa. Hakuna aliyejua kwamba macho yake yalikuwa yanapofuka. Kila alichokitazama kilikuwa na doa la ukungu katikati, na doa lilizidi kutanuka. Mumewe, seremala, msumeno ulikuwa umemla vidole, hana kazi. Nyumba nzima ilimtazama yeye.

Akaficha. Siku moja wenzake walipokwenda kula, alijitengenezea upau wake chini ya skrini. Aliunda folda, akatia ndani njia za mkato za kufungulia majibu, akaibandika kwenye mstari wa chini, akazikuza alama zake. Kushoto vinyama vinavyokatwa mwilini kupimwa, katikati mkojo, kulia damu, kila kipimo na orodha yake ya namba. Tangu hapo hakusoma tena. Mkono ulikwenda wenyewe, na namba ya mgonjwa, akishatajiwa, aliipiga kwa mazoea ya vidole.

Asubuhi moja akamkuta fundi wa kompyuta anainuka kitini pake.

"Dada, nimekusafishia mashine. Hapo chini palikuwa shaghalabaghala, nikapapanga kwa alfabeti."

"Asante, kaka," akajibu, bila kuelewa ameambiwa nini.

Akaja mama mmoja kuchukua majibu ya damu. Chapachapa akabofya kulia, akapiga namba, akamkabidhi karatasi. Yule mama akasoma, akashika ukuta, akatoka bila neno.

Muuguzi aliyekuwa nyuma akachungulia skrini. "We! Mbona umempa majibu ya kinyama cha yule mzee wa wodini mwenye namba kama yake? Hii ni saratani!"

Chapachapa alitoka mbio, akajigonga kwenye benchi, akafika uani. Watu wamejaa, nyuso zote ukungu.

"Mama uliyechukua majibu sasa hivi! Mama! Si yako!"

Watu wakageuka, wengine wakacheka. Alikwenda akishika mabega ya wanawake mmoja mmoja, akiwauliza, akilia, mpaka akasikia kwikwi karibu na geti. Akapiga magoti.

"Ni wewe? Nisamehe, dada yangu. Karatasi hiyo si yako."

"Kwani wewe huoni?" yule mama akafoka.

"Sioni."

Ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno hilo.

Muuguzi mkuu alimsikiliza mlango umefungwa. "Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, watoto wangekula nini?"

Muuguzi mkuu aliinuka. Alimshika mkono, akampeleka mwenyewe kwa daktari wa macho. Daktari akammulika, kisha akasema kilichopotea hakirudi. Kilichobaki watajaribu kukishikilia.

Alirudishwa nyumbani siku ileile. Muuguzi mkuu alimwombea nafasi kwenye chumba cha simu, lakini wakubwa bado hawajajibu. Asubuhi Chapachapa huamka, huvaa nguo za kazini, hukaa ukingoni mwa kitanda. Mumewe humwita aje anywe chai, na yeye huitika, "Nakuja," asiinuke.