Ndege ya Kukodi na Mizani ya Pamba

Nianze na uongo wenyewe, maana bila huo kusingekuwa na ndege. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe aliingia kwenye steshenari yangu hapa Bariadi, akajibana kati ya mashine ya fotokopi na kiti cha wateja, akauliza kama mimi ndiye binti anayekata tiketi kwa kompyuta. Nikasema ndimi. Akauliza kama nimewahi kukodisha ndege nzima, si kiti.

"Mara mbili," nikasema.

Sikuwahi hata moja. Sikuwahi hata kupanda. Kazi ya tiketi nilijifundisha kwa video za kwenye simu, nikizisimamisha kila baada ya sekunde chache ili niandike kwenye daftari, na nikikosea herufi moja nachana ukurasa naanza upya. Nilisema mara mbili kwa sababu mara moja ingeonekana kama bahati.

"Basi nitafutie jeti," akasema. "Mimi na mama. Tunakwenda hoteli ya mlimani, kule chini ya Kilimanjaro. Siku mbili tu, tunarudi."

Mama yake aliishi Sapiwi, na gari lilikuwa linamtapisha hata kabla halijawashwa. Lakini mlimani ilikuwa lazima aende. Zamani sana marehemu mumewe aliswaga ng'ombe wa watu mpaka kaskazini, akarudi akisema ameona mlima wenye kitu cheupe kichwani, cha baridi, jua linakiwakia na hakiishi. Mkewe akamwambia ni mwongo. Akaendelea kumwita mwongo mbele ya watoto, mbele ya wakwe, mbele ya wageni waliokuja kwa mambo mengine kabisa, miaka zaidi ya arobaini, mpaka mzee akafariki. Wajukuu walipomwonyesha mlima kwenye simu alisema kwenye simu hata ng'ombe huvalishwa miwani. Alitaka kuona mwenyewe. Kama ni kweli, ana neno la kwenda kusema kaburini. Jicho lake moja lilishaingia ukungu na la pili lilikuwa njiani, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kungoja.

Nilipiga simu kwenye kampuni moja ya ndege za kukodi. Kijana aliyepokea akauliza uwanja wetu una urefu gani na ni wa lami au udongo. Nikaenda kuupima kwa hatua, mara tatu, kwa sababu mara ya pili mbuzi walinivuruga hesabu. Ulikuwa wa udongo.

"Jeti haishuki hapo, dada," akasema. "Tutakuletea ndogo, ya pangaboi moja. Rubani na watu watatu."

Nilipompelekea habari hizo, yule mfanyabiashara, bosi wangu wa safari hiyo, alinitazama kwa huzuni. "Nimeomba ndege, wewe unaniletea feni."

Alikubali baada ya kuambiwa kwamba hakuna abiria mwingine atakayeingia. Nikaandika ratiba ya kurasa saba. Niliichapa upya mara tano kwa sababu ya nafasi kati ya mistari, nikaipiga leminesheni ukurasa kwa ukurasa. Kisha ikaja fomu ya kampuni, inayotaka uzito halisi wa kila abiria na kila mzigo.

Hapo ndipo ukamilifu wangu uliponiponza. Mtu wa kawaida angewauliza kilo zao akaandika. Mimi nilikwenda zahanati kujaribu mizani yao kwanza, nikapanda mara mbili, ikanipa majibu mawili. Nikakosa imani nayo. Nikajiuliza ni mizani gani katika mkoa huu watu wanaigombania, wanaikagua, wanaisimamia kwa macho makali kila msimu. Jibu lilikuwa rahisi. Nikawapeleka wote wawili kwenye kituo cha kununulia pamba, palepale Sapiwi.

Mizani ile ni ya kuning'inia. Mtu hawezi kusimama juu yake. Mpimaji, mwanamume mwenye kofia iliyojaa nyuzi za pamba, akachukua gunia tupu, akalifungua mdomo, akamwambia mama aingie akae.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia mama kwa Kisukuma, kwa aibu, wakati anainua mguu.

"Mwangaluka, ng'wanone," akaitikia kutoka ndani ya gunia. Vijana wawili wakamtundika kwenye ndoano. Akazunguka polepole, kichwa tu kikionekana, akiwatazama wakulima waliosimama foleni na marobota yao. "Nimeileta pamba hapa tangu usichana wangu," akasema. "Leo ndiyo nimejua inavyojisikia."

"Hamsini na nane!" mpimaji akaita.

Bosi alihitaji magunia mawili yaliyoshonwa pamoja na vijana wanne. Mia moja na kumi na nane. Mabegi mawili nayo yakatundikwa ndani ya gunia. Nikaandika kila alichoita, nikajumlisha mara nne, nikaituma fomu, nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Siku ya safari ndege ilishuka saa mbili asubuhi, baada ya ng'ombe kufukuzwa kwenye uwanja. Rubani alikuwa kijana mpole wa kutoka Dar, mwenye mizani ndogo ya bafuni kwapani. Akawapandisha juu yake mmoja mmoja huku ameshika fomu yangu.

"Dada," akasema, "karatasi yako nzuri sana. Ila si ya watu hawa."

Mama alikuwa sitini na moja. Bosi mia moja ishirini na moja. Kila begi limezidi kilo tatu, tatu kamili. Bosi akasema amekula vizuri tangu juzi, lakini mabegi hayakuwa yamekula. Nikampigia mpimaji simu.

"Ndiyo, tatu," akajibu bila wasiwasi. "Mbili za gunia, moja ya unyevu. Kila mzigo tunakata."

"Lakini wale ni watu!"

"Si walikuwa ndani ya gunia?"

"Gunia lenyewe halifiki kilo mbili!"

"Hilo sasa, dada, hata wakulima wanauliza." Akakata.

Kilo kumi na mbili, rubani alisema, angeweza kuzivumilia. Lakini wakati niko kwenye simu, pikipiki tatu zilikuwa zimefika na zawadi. Kigunia cha mchele kutoka kwa ndugu zao wa Shishiyu. Kigunia cha michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Dumu la samli. Jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye fomu.

"Ama mzigo ubaki, ama bwana abaki," rubani akasema. "Uwanja huu mfupi. Na uzito huu sipai."

"Vitu vibaki," bosi akasema haraka.

"Yaya," mama akakataa. "Nakwenda kulala kwa watu siku mbili, nifike mikono mitupu?"

"Mama, ni hoteli. Nimelipa."

"Umelipa chumba. Je, salamu umelipa?"

Bosi akanitazama mimi, kana kwamba mtu aliyekodi ndege mara mbili lazima ana dawa ya jambo hili. Nikafungua ratiba. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mpango wa mvua, mpango wa pancha ya gari la kwenda uwanjani na mpango wa rubani kuugua. Jogoo hakuwemo.

Mama naye alikuwa ananipima kwa jicho lake zima. "Huyu binti ana kilo ngapi?"

"Hamsini na moja," nikasema. Nilijua. Nilikuwa nimejipima pia.

"Baki nyumbani, baba," akamwambia mwanawe. "Huyu mwepesi atanisindikiza. Tena yeye amezoea."

Rubani akajumlisha upya, akakubali. Nilipaswa kusema pale pale kwamba sijazoea. Nilipanda.

Sitaeleza mengi kuhusu safari ile kwa sababu sikuiona. Magurudumu yalipoacha udongo nilifunga macho, nikaweka ratiba usoni, na leminesheni ikapata ukungu wa pumzi zangu. Jogoo alikuwa miguuni kwangu. Alitulia kuliko mimi. Mama aliuliza maswali, rubani akamjibu kwa sauti ya juu: ile ni Serengeti, ile ni kreta, sasa tunaingia mawinguni, sasa tumetoka. Halafu akasema, "Mama, tazama kushoto. Ule pale."

Kisha nikahisi mkono mgumu ukishika bega langu.

"Unauona?"

Nilijaribu. Naapa nilijaribu kufungua hata jicho moja. Ndege ikaruka kidogo, kope zikakaza.

"Nauona, mayu," nikasema ndani ya ratiba.

Hakuuliza tena. Baada ya muda nikamsikia akisema peke yake, "Kumbe hakudanganya," halafu akarudia kwa Kisukuma, polepole zaidi, kama anayemwambia mtu aliyekaa karibu.

Hotelini msichana wa mapokezi alikuwa na fomu ya pasipoti na ya gari, hakuwa na fomu ya jogoo. Mama alisimama mbele ya kaunta amemshikilia kwa mikono miwili, akagoma kukaa mpaka mwenye nyumba aje apokee. Meneja akaja. Akapokea jogoo, mchele, michembe na samli kwa mikono miwili, akainama kidogo, na hapo ndipo mama alipokubali kuonyeshwa chumba. Jogoo aliwekwa kwenye bustani ya maua, akawaamsha wageni waliokuja kutafuta utulivu.

Mlima haukuonekana. Siku zote mbili ulikuwa umefunikwa kuanzia kiunoni. Mama hakujali, alishauona, alikunywa chai na kuwasimulia wahudumu. Mimi ndiye niliyesimama dirishani tangu alfajiri, nikisubiri wingu lifunguke dakika moja tu ili uongo wangu uwe kweli. Kwenye korido kulikuwa na picha yake kubwa. Niliitazama mpaka nikaijua kwa moyo, lakini mama mwenyewe ndiye aliyesema picha si ushahidi. Wakati wa kurudi nilikaza roho nikafumbua macho safari nzima. Mawingu matupu.

Uwanjani Bariadi bosi alikuwa amekuja na wazee watatu wa ukoo, waliomsikia mama akimwita mumewe mwongo maisha yao yote. Hawakuwa tayari kumwachia kirahisi.

"Shemeji, na jicho hilo," mmoja akasema, "umeona mlima au umeona ukungu wako mwenyewe?"

Wakacheka. Mama hakucheka. Akanivuta mbele.

"Muulizeni huyu. Ana macho mawili, na ndege kwake si kitu kipya."

Bosi akaniangalia. "Kweli ni mweupe?"

"Mweupe," nikasema.

"Kama nini?"

"Kama pamba."

Yule mzee akasogea karibu, uso umekuwa makini, kama yuko kituoni siku ya mauzo. "Safi au fifi?"

Fifi ni ile ya daraja la pili, yenye madoa. Nilifikiria picha ya koridoni.

"Safi."

Wakatikisa vichwa, wakaridhika. Hakuna aliyekata kitu.

Niliomba niende nikafungue duka, lakini mama hakuniachia mkono. Tuliingia Sapiwi jioni, akiwa ametapika mara mbili, akanipitisha nyuma ya nyumba penye kaburi la mumewe. Akasema anayotaka kusema, kwa Kisukuma, na sehemu kubwa haikuwa ya masikio yangu. Mwishoni akanigusa kiwiko.

"Mimi hataniamini mara moja," akasema. "Nilimsumbua sana. Sema wewe uliyeona."

Ratiba ilikuwa bado kwapani. Nikaishusha, nikasogea mpaka kwenye mawe.

"Ni kweli, baba," nikasema. "Mweupe. Safi, si fifi."