Kamba Iliyojikunja Ikola

Niliondoka Dar kwa sababu baba mdogo Deo alikuwa amekatazwa kumsindikiza binti yake, Vero, kanisani siku ya harusi. Wakwe, watu wa Kibaoni, walisema hawataki baba mlevi awatie aibu mbele ya padri. Baba mdogo hajawahi kuonja hata togwa iliyolala! Anayumba tu, kama alivyoyumba marehemu babu. Nafanya kazi maabara, na alipokuja hospitali kwetu Dar tulimpima damu. Alinituma nikawaeleze majibu.

Mpanda, asubuhi. Niliteremka kwenye treni miguu imekufa ganzi, nikapanda bodaboda hadi Makanyagio kununua kitenge cha Vero. Mwenye duka, mama mcheshi, aliniuliza kama bwana harusi ana kaka. Nikamwambia sijafika, nikifika nitamchagulia.

Njia ya Ikola, kijijini kwa baba mdogo kando ya ziwa, ilinipaka vumbi jekundu hadi kwenye kope. Harufu ya dagaa ndiyo iliyonipokea kwanza, kisha Vero akaja mbio. Nilimvuta pembeni. Nilikuwa na hofu, maana kumsafisha baba yake kulihitaji kusema kwamba ugonjwa huu unarithiwa.

"Wakisikia wanaweza kukuacha," nikamwambia.

"Sema yote, dada. Baba amenuswa mdomo vya kutosha."

Kesho yake wakwe walifika. Niliomba kipande cha kamba ya nyavu, nikaisokota mbele yao. Nikawaambia vinasaba vyetu ni kama nyuzi mbili zilizosokotwa, zimeandikwa kwa herufi, na kwa baba mdogo kuna mahali herufi tatu zinajirudia mno. Nikazidi kusokota, kamba ikajikunja yenyewe, ikatoa kitanzi pembeni.

"Mwili unaponakili uzi huu, sehemu hiyo hujikunja hivi. Nakala inateleza, marudio yanaongezeka. Yakizidi sana, yanaharibu sehemu ya ubongo inayotuliza mwendo. Si pombe."

Mama Faustin, mama wa bwana harusi, aliitazama kamba, kisha akamtazama Vero. "Kwa hiyo na huyu?"

"Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, mama. Ni nusu kwa nusu. Hajapimwa, na kupima ni hiari yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Faustin akakohoa. "Mama, sisi ya kwetu hata hatuyajui. Nyie wenzetu angalau mmejua. Mi naoa."

Mama yake akamgeukia baba mdogo. "Mzazi mwenzangu, nisamehe. Kila nikikusalimia nilikuwa nakunusa."

"Nilijua," baba mdogo akacheka. "Ndiyo maana nilikuwa napiga mswaki kabla hujaja."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mimi nikalia kidogo.

Jumamosi, kanisani. Baba mdogo alikataa fimbo, akamshika Vero mkono. Katikati ya njia goti likamsaliti. Mama Faustin akatoka kwenye benchi lake, akamshika mkono wa pili. Wakayumba wote watatu hadi mbele, na kwaya ikapunguza mwendo kuwangoja.

Siku ya kurudi, baba mdogo alinisindikiza kwenye basi. Miaka yote nimeitazama kamba hii ya vinasaba kwenye mashine za maabara, nikadhani kinachomwumiza mtu ni kile kitanzi tu. Nilimuuliza anajisikiaje.

"Naumwa vilevile, mwanangu," akasema. "Ila juzi nimeyumba mbele ya watu wote, na hakuna aliyeninusa."