Sala Yangu Ndefu na Tanki la Shaba

Naomba nianze na aibu yenyewe, maana Stafford nzima, hapa Texas, wameshaisimulia vibaya: ndiyo, ni mimi, mzee wa kanisa, niliyemwaga tindikali kwenye viatu vya tajiri wa migodi. Ila kuomba sijutii.

Miaka ile ya tisini nilikuwa kwenye maabara ndogo, tukitafuta njia ya kutoa shaba kwenye mawe ambayo migodi huyatupa kwa kuwa shaba yake ni kidogo. Unayasaga, unayalowesha kwenye tindikali hafifu, shaba inayeyuka, maji yanakuwa ya buluu. Siku hiyo tajiri alikuja kutazama. Akiridhika angegharamia mtambo mkubwa, asiporidhika maabara inafungwa (na sisi wote nyumbani).

Basi nikafungua valvu tanki lianze kujaa hayo maji ya buluu, nikaona tukae bure kwa nini, tuombe huku linajaa. Watu wa Texas hawakatai sala. Wakashikana mikono, wakafumba macho. Nikaanza kama tunavyoanza kwetu Mbeya: nikashukuru kwa pumzi, nikaombea wagonjwa, wajane, wasafiri, wachimbaji walio chini ya ardhi, watoto wetu wanaotujibu kwa Kiingereza.

Kulia kwangu alikuwa Furaha, fundi wetu Mkongomani. "Amina, Papa!" akasema (kwao Papa ni baba). Nikapata nguvu. "Amina! Amina, Papa, inatosha!" Akawa anavuta mkono, nikadhani Roho amemshukia, nikaubana zaidi (mikono yangu imelima, mtu hachomoki), nikaendelea na serikali zote mbili, ya Tanzania na ya Marekani.

Aliposhindwa akapiga kelele: "Papa, fungula macho! Maji inamwangika!"

Sakafu nzima buluu, na tajiri kasimama katikati na viatu vyake vya ngozi ya mbuni. Nikakimbilia valvu, nikateleza, nikamdaka tajiri mkanda, tukaketi wote wawili kwenye shaba yangu. Furaha akatumwagia maji ya mpira kama tunabatizwa.

Bosi wa maabara akanivuta pembeni. "Elia, kuanzia leo omba kimoyomoyo."

"Bosi, valvu ni kosa langu. Sala siyo."

Tajiri aliondoka na ndala za Furaha bila kusaini chochote, ikabidi tumbembeleze sana arudi. Aliporudi, kila mtu alisimama mbali na tanki, na bosi akaninong'oneza, "Fupi, tafadhali." Nikaikaza valvu kwa mikono miwili, kisha nikaomba kwa urefu wangu uleule, nikaongeza na bosi kwa jina. Shaba ikatoka, tajiri akasaini.

Tangu hapo valvu naifunga kwanza. Sala sipunguzi hata neno.