Ndizi Kwenye Difu

Mjomba alisema nitazeeka nikichunga ng'ombe. Leo nina diploma ya ufundi na gereji Kahama, na ni yeye aliyeniomba nimkagulie pikapu kuukuu kabla hajauza mifugo yake ainunue. Nilipofungua difu, kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli ya nyuma, ikanijia harufu ya ndizi.

Nilikuwa mdogo. Baba alitoa ng'ombe wetu wote kwa pikapu ya mjomba huyuhuyu. Ilitembea kimya. Hatujafika Nyarugusu, difu ikasagika, na fundi akachota humo grisi nyeusi yenye maganda ya ndizi, yaliyowekwa kuficha kelele za gia zilizolika. Tulipomrudia, mjomba alicheka mbele ya mama, dada yake, akamwambia baba:

"Shemeji, gari hukaguliwa kabla."

Sasa alikuwa ameinama pembeni yangu.

"Vipi, fundi wetu, ni nzima?"

Nikafunga difu, nikafuta mikono.

"Nzima, mjomba. Kauze ng'ombe."