Ukweli wa Wageni Wawili

Watafiti wawili walifika ofisini kwetu Amu kuchunguza mfumo mpya wa kompyuta wa mahudhurio. Unaweka kidole asubuhi. Ukichelewa, umehesabiwa hukuja. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa akivuka kutoka kisiwa cha Manda. Maji yakipwa boti hukwama, naye hufika amelowa magotini, mashine imwambie hayupo. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, na mkubwa wetu alisema atasubiri utafiti ndipo aamue.

Mtafiti wa kiume aliamini ukweli ni mmoja, uko nje ya watu, na kazi ya msomi ni kuupima. Akatugawia hojaji. Mwenzangu akatia alama penye “naridhika sana” kutoka juu mpaka chini. Nikamnong'oneza kumwuliza kama amerukwa na akili.

“Mgeni metoka nti ya mbali,” akasema. “Nimvunde moyo?”

Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tunavyojimaliza. Ofisi nzima ilijaza hivyo hivyo.

Mtafiti wa kike akamcheka mwenziwe. Kwake yeye ukweli umo katika maana ambayo watu wenyewe wanaipa kazi yao, na haupatikani ila kwa kuketi nao. Akaketi. Mwenzangu alimweleza yote, akalia, na bibi yule akaandika hata kilio. Nilimwuliza kama atamwambia mkubwa. Akanijibu kwa upole kwamba kazi yake ni kuelewa, si kuingilia.

Mchana walibishana falsafa zao huku wakila wali aliopika mwenzangu, naye akiwaongeza mchuzi. Niliwachukia wote wawili sawasawa.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkubwa, nikamweleza habari za maji na boti. Alikuwa ameshika ripoti ya yule bwana.

“Wafanyakazi wote wameridhika,” akasema. “Hata huyo unayemsemea.”

Mkataba haukuongezwa.

Baadaye mtafiti wa kike alinipigia simu. Alikuwa amesikia, na sauti yake ilichangamka kidogo. Alitaka kurudi azungumze na mwenzangu, aelewe kufukuzwa kazi kuna maana gani kwake. Nilimtukana, nikakata simu. Lakini alikuwa na namba ya mwenzangu pia.

Mwenzangu alikubali. Alikuja kwangu jioni ile kuazima sufuria kubwa, akaniuliza kama yule Bi hula pweza.